Uzi maalumu: Skini za ndege za Vita Kuu ya Pili zinazofuata historia, kuanzia picha ya zamani hadi faili

Mchorabawa

Wakuu, maswali ya skini, yaani picha za rangi tunazozivalisha ndege za michezo ya simuleta, yametapakaa kila kona, tuyakusanye hapa. Nianze na kosa mama. Mtu anafungua templeti (mchoro bapa wa vipande vya ndege unaopakwa rangi), anapaka "Spitfire ya Waingereza", anabandika herufi za kikosi alichokipenda, halafu anashangaa akinyooshewa vidole. Hakuna ndege inayoitwa Spitfire ya Waingereza. Kuna ndege moja yenye namba yake, siku moja. Ukishaitaja siku, nusu ya maamuzi yameshafanyika.

Chukueni Spitfire Mk IX ya 2TAF, ule mkusanyiko wa vikosi vya anga uliofuatana na majeshi ya nchi kavu kutoka Normandy hadi Ujerumani. Tarehe 10 Juni 1944 ina milia ya uvamizi juu na chini ya mabawa na kuzunguka bodi: mitano, nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, kila mmoja inchi 18. Agosti mwaka huohuo ya juu imeshafutwa, maana ilikuwa inaianika ndege iliyoegeshwa kwa adui aliye angani. Imebaki ya chini. Februari 1945 milia hakuna. Zaidi ya hapo, amri ya tarehe 3 Januari 1945 imeshafunika ule mkanda wa rangi ya Sky mbele ya mkia, imeifanya kofia ya propela kuwa nyeusi, na duara za juu ya mabawa, zilizokuwa buluu na nyekundu tupu, zimepata nyeupe na njano. Aina ileile ya ndege, kikosi kilekile, skini tatu tofauti. Ukiweka kofia nyeusi ya Februari pamoja na milia kamili ya Juni, umechanganya miezi minane kwenye bodi moja.

Nyota ya Marekani nayo ni kalenda. Mei 1942 kitone chekundu cha katikati kiliondolewa. Mwisho wa Juni 1943 zikaongezwa pau mbili nyeupe na mpaka mwekundu. Katikati ya Agosti 1943 mpaka ukawa wa buluu. Maagizo ya mpaka mwekundu yalidumu wiki chache tu, kwa hiyo ukiuweka, uwe na picha mkononi.

Na kabla ya yote hayo kagua modeli ya mchezo. Bf 109 G-2 ya Wajerumani haina yale manundu mawili ya bunduki za MG 131 mbele ya chumba cha rubani, G-6 inayo. P-51D za Wamarekani za mwanzo zilitoka kiwandani bila lile pezi linalounganisha mgongo na mkia, na baadhi zilifungwa baadaye zikiwa kazini. Rangi haifichi bati lililotokeza. Kama modeli haioani na ndege uliyoichagua, chagua ndege nyingine, zipo maelfu.

Mgeni_Angani

Asante kwa somo mkuu. Swali la kizembe: picha nyingi ni nyeusi na nyeupe. Kuna ubaya gani kulinganisha ukijivu wa picha na kukisia rangi? Na zile chache za rangi, si unadonoa rangi moja kwa moja kwa ile zana ya sindano?

Filamu_Kale

Si la kizembe, hapo ndipo wengi wanapopigwa chenga.

Kwanza jua filamu. Wakati wa vita zilitumika aina mbili kuu. Ya othokromatiki haioni nyekundu. Kwake nyekundu ni nyeusi, njano inakuwa kijivu kizito, na buluu inapauka. Ya pankromatiki inaona rangi zote, kwa hiyo njano inatoka nyepesi kama tulivyozoea. Matokeo yake ni kwamba Bf 109 yenye pua ya njano inaweza kuonekana na pua nyeusi kwenye picha moja na karibu nyeupe kwenye nyingine, na mtu akaapa kuwa ni ndege mbili.

Kipimo cha haraka kipo kwenye ndege yenyewe. Tazama duara ya Mwingereza ubavuni, ile yenye mzingo wa njano nje, halafu buluu, nyeupe, nyekundu katikati. Kama kitone chekundu ni cheusi kuliko buluu na mzingo wa njano umezama hadi karibu hauonekani, hiyo ni othokromatiki. Kama njano inang'aa na nyekundu imelingana na buluu au kuizidi wepesi, ni pankromatiki. Ukishajua hivyo ndipo uanze kusoma herufi, mikanda na kofia ya propela. Duara haipo kwenye fremu? Tafuta bendera ya mkiani, ina nyekundu, nyeupe na buluu zilezile, njano tu ndiyo haipo.

Pili, kudonoa. Usidonoe. Picha ya rangi imepita kwenye jua la siku ile, filamu, miaka themanini ya kuchakaa, skana, na mtu aliyeongeza ukolezi ili ipendeze. Mfano unaozua ugomvi kila mwaka ni P-51D iitwayo Lou IV ya 361st Fighter Group, kituo cha Bottisham, Uingereza, kiangazi cha 1944. Kwenye picha maarufu ya angani sehemu ya juu inaonekana buluu, na skini za buluu zimezagaa. Kabla hujaamini, tazama buluu ya nyota iliyo pembeni yake. Ile tunajua ilipaswa kuwa buluu nzito inayokaribia nyeusi. Kama yenyewe imeelea kuelekea samawati, picha nzima imeelea. Irudishe mahali pake kwanza, halafu uone mgongo wa ndege umeangukia wapi. Mimi naupaka kijani.

Rangi ianzie kwenye viwango. Kwa Waingereza, orodha ya rangi ya BS 381C bado ina Sky kwa namba 210, Dark Earth 450, Medium Sea Grey 637 na Dark Green 641, na vipande vya rangi vilivyopimwa vinapatikana. Kwa Wajerumani tumia vipande vilivyopimwa vya rangi za RLM, wizara yao ya anga. Orodha ya FS 595 ya Wamarekani ni ya mwaka 1956, ni lugha ya kulinganishia tu, haikuwapo vitani.

Puti_na_Ribiti

Umegonga penyewe, ila kwenye Lou IV tutabishana mpaka kesho. Naongeza moja: wapenda modeli za plastiki wana kanuni ya kuipausha rangi kwa kuwa modeli ni ndogo. Kwenye simuleta usifanye hivyo. Injini ya mchezo inaweka ukungu wa umbali yenyewe. Ukipausha na wewe, ndege iliyo mita 800 inakuwa kama imepakwa chokaa.

Vilevile, kwenye kipimo cha mwanga cha 0 hadi 255, usitumie nyeusi ya 0 wala nyeupe ya 255. Nyeusi iwe kwenye 30 hadi 40, nyeupe isivuke 235. Nje ya hapo mwanga wa mchezo hauna nafasi ya kufanya kazi: kivuli hakionekani kwenye nyeusi, na nyeupe inaungua juani.

Mchorabawa

Sasa vipimo, maana duara iliyokosewa inchi mbili inaonekana haraka kuliko rangi iliyokosewa.

Tafuta pikseli ngapi zinaingia kwenye mita moja ya templeti yako. Chukua umbali unaojulikana kwenye mchoro wa kiwanda, tuseme fremu mbili za bodi zilizoachana mita 2. Kwenye templeti ya 4096 kwa 4096 ukikuta umbali huo ni pikseli 800, una pikseli 400 kwa mita, yaani 10.16 kwa inchi. Andika namba hiyo kwenye tabaka la juu kabisa usiisahau. Kisha kila kitu ni kuzidisha:

Duara ya ubavuni ya Spitfire kuanzia katikati ya 1942 ina vipenyo vya inchi 36 njano, 32 buluu, 16 nyeupe, 12 nyekundu. Ni pikseli 366, 325, 163 na 122. Bendera ya mkiani inchi 24 kwa 24, nyekundu 11, nyeupe 2, buluu 11. Nyeupe hiyo ni pikseli 20 tu, na ndiyo watu wanayoinenepesha. Nyekundu inatangulia mbele, pande zote mbili za mkia. Mkanda wa Sky inchi 18, pikseli 183. Namba ya ndege inchi 8, pikseli 81. Milia mitano ya bodi jumla inchi 90, pikseli 914, na ule wa nyuma kabisa unaanzia inchi 18 mbele ya ukingo wa bawa dogo la mkia.

Nyota ya Marekani haihitaji jedwali, inajipima yenyewe. Kila pau ina urefu sawa na nusukipenyo cha duara na upana nusu ya nusukipenyo, ukingo wake wa juu umenyooka na ukingo wa juu wa mikono miwili ya nyota, na mpaka ni moja ya nane ya nusukipenyo.

Tahadhari: templeti huwa zimevutwa. Kabla hujachora chochote tengeneza skini ya majaribio yenye miraba ya pikseli 100, kila mraba na namba yake, iingize mchezoni, zunguka ndege. Palipo na mstatili badala ya mraba, duara yako itakuwa yai. Pima mvutano (tuseme 100 kwa 92) na uvute duara kinyume kwa kiasi hichohicho. Miraba hiyohiyo inakuonyesha sehemu zinazotumia tekscha (picha inayovalishwa modeli) moja kwa pande mbili. Ukiona namba zimegeuka kama kwenye kioo, usiandike neno hapo.

Mgeni_Angani

Nimefanya miraba, imenisaidia sana. Lakini nikiwa mbali na ndege naona nyuzi nyeupe kwenye maungio ya mabawa. Karibu hazipo. Na kijivu changu kina mabaka ya kijani na zambarau, kwenye GIMP, programu ninayochorea, hakina kitu.

Pikseli_Nne

Magonjwa mawili tofauti.

Nyuzi nyeupe: umepaka rangi hadi mwisho wa mstari wa templeti na ukaacha nyeupe nje. Ndege ikiwa mbali mchezo unatumia nakala ndogo za tekscha, yaani mipmapu, ambazo zinachanganya pikseli za jirani, na nyeupe ya nje inaingia ndani. Panua rangi ya kila kipande angalau pikseli 16 nje ya mstari. Na hakikisha DDS, yaani faili ya tekscha ya mchezo, imehifadhiwa pamoja na mipmapu. Bila hizo mistari ya bati inachemka kama mchanga ndege ikiwa mbali.

Mabaka: ni ukandamizaji. DXT, njia ya kubana picha ndani ya DDS, inagawa picha katika vibloku vya pikseli 4 kwa 4, na kila kibloku kina rangi mbili za msingi zenye biti 5 nyekundu, 6 kijani, 5 buluu. Kijani kina hatua nyingi kuliko wenzake, ndiyo maana kijivu laini kinayumba mara kijani mara zambarau. Dawa ni kuongeza chembechembe hafifu za kelele, nguvu 1 hadi 2 kati ya 255, tabaka la mwisho kabla ya kuhifadhi. Rangi halisi ya ndege haikuwa laini hivyo, kwa hiyo unapata faida mbili. Usihifadhi DDS ukaifungua ukarekebisha ukahifadhi tena. Kila mzunguko unakula ubora. Faili mama ibaki XCF ya GIMP au PSD ya Photoshop.

Ukubwa: 4096 ya DXT5 ni MB 16, na mipmapu zake karibu 21.3. DXT1 ni nusu yake lakini haina chaneli ya alfa (ya nne, zaidi ya zile tatu za rangi) ya maana. Michezo mingine imeficha mng'ao humohumo kwenye alfa, kwa hiyo ukihifadhi DXT1 ndege nzima inatoka kama kioo au kama matope. Fungua skini ya kiwandani ya ndege hiyohiyo, soma thamani za alfa kwenye bati, rangi na kitambaa, ndizo uzifuate.

Kwa DCS, simuleta ya ndege za kivita, mng'ao upo kwenye faili ya RoughMet: nyekundu ni vivuli vya kwenye pembe, kijani ni jinsi uso unavyokwaruza, buluu ni uchuma. Rangi ya kawaida buluu 0, bati tupu 255. Usichoke kurekebisha kijani, ndiyo inayotenganisha rangi mpya na rangi iliyochomwa jua mwaka mzima.

Il2_Mkongwe

Tunaobaki na simuleta ya zamani ya IL-2 1946 msitusahau. Huko ni BMP ya 1024 kwa 1024, rangi 256 zenye jedwali, basi. Faili iwe karibu KB 1,025. Ukiona MB 3 umehifadhi ya biti 24. Ugeuzaji kwenda rangi 256 ufanye mara moja tu, mwishoni, na uweke utawanyaji wa nukta kwa kiwango cha chini. Ukiuzima, mpito kati ya kijani na kahawia unakuwa ngazi. Ukiwa na nyekundu kidogo tu ya kwenye nyota, programu inaweza kuitupa ili iokoe vivuli vya kijivu. Ongeza mraba wa nyekundu hiyo pembeni ya templeti pasipotumika, uilazimishe kuihesabu.

Puti_na_Ribiti

Tuje kwenye uchakavu, sehemu inayoniuma. Asilimia kubwa ya skini zina mikwaruzo ya fedha kila mahali, hata kwenye mbao. Mosquito ni ya mbao. La-5 ni ya mbao. Mabawa ya Yak-1 ni ya mbao. Ukikwaruza hapo unakuta praima, puti na kitambaa, hukuti aluminiamu. Nusu ya nyuma ya bodi ya Hurricane ni kitambaa juu ya fremu, usukani wa mkia wa Spitfire ni kitambaa. Kitambaa hakibanduki bati. Kinapauka, kinapata viraka, na mbavu zake zinajitokeza. Jiulize kipande kwa kipande: chini ya rangi hii kuna nini?

Kwa upande wa pili, ndege nyingi za jeshi la nchi kavu la Japani, Ki-61 kwa mfano, zilipakwa juu ya bati bila praima, na rangi ilibanduka kwa mapande. Hapo ruksa, tena kwa vipande vyenye kingo kali. Zero ya jeshi la majini ilikuwa na praima na ilishikilia rangi vizuri zaidi. Anayezichakaza sawasawa hajatazama picha.

P-51 ya bati tupu ndiyo inayoumbua watu. Bodi ni bati, sawa. Bawa si bati tupu. Ili hewa iteleze vizuri, kiwanda kilijaza maungio na ribiti kwa puti, kikasugua, kikapaka praima na rangi ya fedha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bawa haina mistari ya ribiti na inang'aa kwa ubutu kuliko bodi. Kwenye RoughMet mimi naweka kijani cha bodi 80 hadi 110, bawa 130 na kuendelea, na buluu ya bawa naishusha chini kabisa ya ile ya bodi. Weka zote mbili kioo, umekosea hata kabla ya kuandika namba. Namba yenyewe ya mkiani inaacha tarakimu ya kwanza ya mwaka: 44-13410 inaandikwa 413410.

Masizi: mafuta ya oktani ya juu yenye madini ya risasi yaliyotumiwa na Wamarekani na Waingereza yaliacha alama ya kijivu chepesi kinachoelekea kahawia nyuma ya ekzosi, siyo weusi mtupu. Iende na upepo, ikifuata umbo la ubavu, isinyooke kama rula. Spitfire mlango wake uko kushoto, kwa hiyo rubani na mafundi wanapanda shina la bawa la kushoto. Kulia kuchakae kidogo kuliko kushoto. Na vile viraka vyekundu kwenye midomo ya bunduki: bunduki ikifyatuliwa vinatoboka. Huwezi kuwa na viraka vizima pamoja na masizi mabichi ya risasi chini ya bawa. Chagua kimoja.

Filamu_Kale

Hapo kwenye milia ya uvamizi pia mtu asitumie kingo za wembe. Agizo lilifika siku chache kabla ya 6 Juni na ndege zilikuwa maelfu, kwa hiyo nyingi zilipakwa kwa brashi za kawaida. Iyumbishe kingo pikseli 5 hadi 15, weupe uache rangi ya chini ionekane kidogo, na uache kijisanduku cha rangi ya zamani kuzunguka namba ya ndege kama picha yako inakionyesha. Ya kiwandani baadaye ni nadhifu zaidi.

Mgeni_Angani

Wakuu nimemaliza ya Mk IX. DCS inaiorodhesha, nikiichagua bodi inatoka bila tekscha yangu. Mabawa yako sawa.

Pikseli_Nne

Fungua description.lua, faili ya maandishi iliyo kwenye folda ya skini yako. Kila mstari una jina la sehemu ya modeli, namba ya aina ya tekscha (0 ni rangi, 1 ni ya mabonde na miinuko), jina la faili bila .dds, kisha true au false. False maana yake faili imo ndani ya folda ya skini yako. True maana yake itafutwe kwenye faili za mchezo. Kwa jinsi unavyoeleza, mstari wa bodi umebaki true kama ulivyonakiliwa, au jina la faili limekosewa herufi. Folda iwe Saved Games\DCS\Liveries, ndani yake folda yenye jina la ndege kama mchezo unavyoliita, ndani yake folda yako.

Mgeni_Angani

Ilikuwa true. Imekubali. Ila sasa naona bendera ya mkia upande wa kulia inaanza na buluu mbele.

Mchorabawa

Umeinakili ya kushoto ukaihamisha bila kuigeuza. Igeuze kwa mlalo upande wa kulia, nyekundu irudi mbele. Ukimaliza, angalia na herufi za kikosi upande huohuo; zenyewe zisigeuzwe.